Vipete vya Shamba la Gooderham

Siku Jasper Cattermole alipowaona watu wazima kumi na wawili wamekizunguka kifungo cha suruali kwa heshima anayopewa marehemu wa ukoo wa kifalme, alijua kwamba Mungu hajamsahau. Ilikuwa siku ya maonyesho katika ukumbi wa parokia ya Bradling. Klabu ya wapekuzi wa udongo ilikuwa imetandika meza tatu kwa kitambaa cha kijani na kupanga juu yake hazina za mwaka mzima: risasi za kizamani, kengele ya kondoo iliyopasuka, nusu ya kijiko, na hicho kifungo. Jasper aliingia kujikinga mvua tu. Alipotoka, mvua ilikuwa bado inanyesha na yeye alikuwa na mpango.

Niwatambulishe hao kumi na wawili, maana mmoja wao ndiye mimi. Sisi ni wale watu ambao Jumapili, wenzetu wakiwa vitandani na magazeti, tunazunguka mashamba ya Suffolk na hedifoni masikioni, tukipeperusha mashine za kutafutia metali juu ya matope. Mashine ikilia, tunapiga magoti na kuchimba. Mara tisa kati ya kumi tunatoa kipete, kile kijidude cha kufungulia kopo la soda, kwa sababu kipete na pete ya dhahabu hulia sauti moja. Kila mwanachama ana ndoo ya vipete nyumbani kwake. Pete ya dhahabu anayo mke wa mwenyekiti wetu, na ilinunuliwa dukani.

Tuna pia desturi moja ambayo haimo kwenye katiba ya klabu na ndiyo pekee tunayoitii. Mpekuzi akiulizwa kama kuna kitu, hujibu, "Vipete tu." Hata akiwa na taji la malkia ndani ya koti, ni vipete tu. Katiba yenyewe inasema vingine, kwamba kila kitu kiwekwe mezani na nusu ya thamani iende kwa mwenye shamba. Na sheria ya nchi inataka dhahabu ya kale ipelekwe kwa ofisa yuleyule anayechunguza vifo vya ghafla, nadhani kwa sababu wateja wake wote humfikia wakiwa na udongo.

Jasper hakuijua desturi hiyo. Aliyoyajua ni haya: alikuwa na miaka hamsini na sita, alipanga chumba juu ya duka la samaki na chipsi, na nguo zake zote, hata ile suti ya kuzikia watu, zilinuka mafuta ya kukaangia. Kwa miaka thelathini alikuwa ameuza hisa za migodi isiyokuwepo na bima za mbwa waliokwisha kufa, na hakuwa na kitanda ambacho angeweza kusema ni chake. Basi huko Ely, kwenye mto, kulikuwa na boti moja ndefu nyembamba inayoitwa Lady Prudence, kuukuu, yenye jiko la mkaa, kitanda na msumari mlangoni wa kutundikia kofia. Mwenyewe alitaka pauni elfu tisa, taslimu, kwa wa kwanza atakayefika Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Jasper alitembea na picha yake mfukoni. Aliipenda boti ile kuliko alivyowahi kumpenda mtu, na hilo aliniambia mwenyewe, baadaye, kwa gharama ya bia zangu mbili.

Mpango ulikuwa mwepesi. Alikwenda kwa mkulima Gooderham, akakodi shamba lake la karibu na barabara kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kwa bei ya kreti mbili za bia ya tufaha, kabla halijapandwa maharage Jumatatu. Kisha akanunua kwa posta mfuko wa sarafu za Kirumi, zile zilizolika hadi mfalme na farasi wake wanafanana, ambazo huko Balkani huchotwa na kuuzwa kwa kilo. Ijumaa alitembea shambani na mfuko begani akizimwaga kama mtu anayelisha kuku, halafu akazikanyagia chini kwa gumbuti. Klabu ingealikwa kwa matembezi ya siku mbili. Sarafu zingefumuka, watu wangepagawa, naye, akijifanya wakala wa mwenye shamba, angekubali kwa shingo upande kutuuzia kibali cha pekee cha miaka kumi kwa akiba yetu ya kununulia kabati la vioo.

Jumamosi tulifika wote kumi na wawili. Mwenyekiti Clifford Utting, dereva wa basi mstaafu, alihutubia getini juu ya wajibu wetu kwa historia ya taifa, na akatukumbusha kufukia mashimo. Nyuma yake alisimama Beryl Thurkettle, mama wa miaka sabini na moja mwenye kofia ya sufu ya zambarau, akigawa keki ya mbegu. Bi Beryl alifanya kazi maisha yake yote katika chumba cha fundi wa meno ya bandia, na bado huwatazama watu mdomoni wanapozungumza.

Tukaingia. Dakika haikupita, mashine zikaanza kulia kila upande. Jasper, kwenye kiti cha kukunja kando ya gari lake, aliona watu wakipiga magoti, wakiinuka, wakipiga magoti tena, hadi ungedhani ni ibada. Akajimiminia chai na kusubiri ukelele wa kwanza.

Ukelele haukuja. Saa saba tulikusanyika mezani kwake, kila mtu na ndoo yake, uso mkavu kabisa. Jasper akauliza, sauti ya mtu asiyejali, kama kuna aliyepata kitu.

"Vipete tu," alisema Clifford.

"Vipete," alisema Terry Pask, tarishi wa kijiji, mfuko wa suruali umevimba na kumtoa mguu mmoja nje ya mstari.

Ikaenda hivyo hadi kwangu. Mimi nilikuwa na sarafu kumi na saba ndani ya soksi, na nilisema kwamba sijawahi kuona shamba lenye vipete kama hili. Bi Beryl alisema vipete, akamkatia Jasper kipande cha keki.

Maskini alibaki na kikombe mkononi. Sarafu mia tatu alizitawanya kwa mikono yake, na mbele yake walisimama watu kumi na wawili waliokula kiapo cha historia ya taifa, wote wamepata takataka. Hakuweza kusema, "Mbona mnanidanganya," kwa sababu angejuaje? Kwa mara ya kwanza maishani alichukizwa na udanganyifu, na anasema alikuwa karibu kulia.

Bi Beryl ndiye aliyemuona na kumhurumia, au ndivyo alivyodhani. Alikuja akakaa naye, akamuuliza kwa nini kijana mzuri kama yeye ana huzuni. Jasper akatoa picha ya Lady Prudence na kumwaga yote: jiko, kitanda, msumari wa kofia, Ely, Jumatatu kabla ya saa sita, taslimu. Mama alisikiliza vizuri sana. Aliuliza hata ni upande gani wa daraja.

Alipoondoka, Clifford alitokea nyuma ya gari akijifanya anatafuta mahali pa kukojoa.

"Bwana Cattermole," alisema, macho yakiwa getini, "shamba hili bovu kweli."

Jasper alimpa pole.

"Bovu sana. Ndiyo maana nauliza. Tuseme yupo mtu mmoja tu, hana haraka, anataka kulipekua peke yake. Kwa mazoezi tu. Mwenyewe atataka ngapi?"

"Peke yake?"

"Miaka kumi hivi. Na wenzangu usiwasumbue na habari hizi, bwana, wana mambo mengi."

Jasper anasema alisikia malaika wakiimba, na waliimba bila kukosea. Alitaja mia tisa, kesho, taslimu, kwa sababu mwenye shamba ni mzee wa zamani na haamini benki. Clifford hakuomba hata kupunguziwa. Kabla hajafika mbali, Terry Pask alikuwa ameshika nafasi yake nyuma ya gari, akieleza kwamba daktari wake amemshauri kutembea mahali patulivu pasipo na watu, kwa mfano hapa. Mwingine alitaka shamba kwa ajili ya mbwa wake. Mimi nilisema napenda ndege.

Kwa hiyo kibali cha pekee, ambacho kingeuzwa mara moja kwa klabu, kiliuzwa mara kumi na moja kwa wanachama wake, kwa siri kuu. Jasper alitoa nakala kwenye maktaba ya Bradling na kuzipiga mhuri aliouchonga kwenye kiazi. Jumapili asubuhi nilikutana na Clifford na Terry na wengine wanne kwenye foleni ya mashine ya benki. Wote tulikuwa tunatoa pesa za kununulia wake zetu maua. Terry hana mke. Wale ambao mashine iliwagomea walirudi nyumbani kuinua magodoro.

Hadi saa tisa alasiri Jasper alikuwa amepokea noti zote ndani ya kopo la biskuti, na kopo akalikalia. Boti ilikuwa yake, na mkaa wa msimu mzima juu. Tulikwisha kuondoka mmojammoja, kila mtu akimwonea huruma mwenzake aliyekosa. Jasper alikuwa anakunja meza huku akiimba, Bi Beryl alipokuja akichechemea kutoka kona ya chini ya shamba, ile yenye maji, ambako Ijumaa Jasper hakufika kwa sababu hakutaka kuchafua gumbuti zake.

"Vipi, Bi Beryl? Vipete tu?"

"Vipete tu," alisema mama, akageuza ndoo na kuikalia. "Kimoja kikubwa kidogo."

Akatoa soksi ya sufu mfukoni, na ndani ya soksi, katika bonge la udongo wa kijivu wa Gooderham, bangili. Alipoufuta udongo kwa kidole gumba, ilimeta njano ileile ya siku ilipotengenezwa. Ilikuwa nene, imesokotwa, na ilipotua kwenye kiganja cha Jasper iliukandamiza mkono wake chini.

Hapa nawaomba tumheshimu Jasper kidogo, maana alifikiri kama mtaalamu. Kila kitu cha uongo shambani mle alikijua, kwa kuwa alikiweka yeye. Bangili hakuiweka. Kwa hiyo bangili ilikuwa ya kweli. Alilichunguza wazo hilo kila upande na hakuona ufa.

Alimwambia mama kwamba kisheria kitu hiki kinapaswa kuripotiwa.

"Najua, kijana. Watakiweka kabatini miaka miwili wakikijadili. Mimi nina miaka sabini na moja, na goti. Halafu nusu yake ni ya Gooderham, naye ataninunulia nini? Kabichi." Akapiga chafya. "Yule wa mwaka jana kule Norfolk alipewa elfu arobaini kwa nyembamba kuliko hii. Mimi siyataki makuu. Nipe kilichomo kwenye hilo kopo, nami nitasahau niliichimba wapi."

"Umejuaje kama kopo lina kitu?"

"Umelikalia tangu asubuhi. Mtu hakalii biskuti."

Mkono mmoja wa Jasper ulikuwa juu ya kopo, yaani juu ya kitanda chake, jiko lake na msumari wa kofia yake. Mwingine ulikuwa na bangili, na bangili ilikuwa nzito. Alijiambia kwamba asubuhi ataiuza, na hadi saa nne atakuwa Ely na pesa za kununua Lady Prudence, na boti nyingine ya kuifuata nyuma kwa wageni. Alijiambia pia kwamba kumnyang'anya mama mzee elfu thelathini ni aibu, na aibu hiyo ikampitia haraka. Akampa kopo. Bi Beryl hakuhesabu, alilipima kwa mkono tu, akamwachia keki iliyobaki.

Jumatatu, kabla jua halijapasha, nilikwenda shambani kwangu. Getini nilimkuta Clifford, mashine ameificha nyuma ya mgongo. Alisema alidondosha glovu jana. Nami, kwa bahati ya ajabu, nilikuwa nimedondosha glovu. Terry alikuja kutafuta glovu, na mwenye mbwa akaja bila mbwa, na hadi saa mbili tulikuwa kumi na moja tumejipanga kwenye ua wa shamba, wenye glovu ishirini na mbili mikononi, tukizungumza habari za mvua. Gooderham akapita na trekta akipanda maharage, akatupungia. Hakuna aliyethubutu kutoa karatasi yake, kwa sababu angetakiwa kueleza kwa nini alilipia shamba la vipete. Tukarudi nyumbani.

Wakati huohuo Jasper alikuwa kaunta ya muuza dhahabu, akisimulia jinsi bibi yake alivyomwachia urithi. Muuza dhahabu alichukua tupa ndogo na kuikwaruza bangili upande wa ndani. Chini ya njano kulikuwa na madini ya risasi, meusi, ya aina wanayotumia wavuvi kuzamishia ndoano.

"Kazi safi sana," alisema muuza dhahabu kwa heshima ya kweli. "Aliyeipaka hii lazima amewahi kutengeneza meno."

Jasper anasema aliendesha hadi Ely bila kukumbuka taa hata moja. Alifika saa sita kasoro kumi. Lady Prudence ilikuwa palepale, upande ule wa daraja, moshi unatoka kwenye bomba la jiko. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye msumari wake ilitundikwa kofia ya sufu ya zambarau. Bi Beryl alikuwa nje anamenya viazi.

Jasper alisimama ukingoni. Aliuliza swali moja tu, swali la mtu wa kazi: alijuaje?

"Jumamosi nilichimba sarafu tisa," alisema mama. "Hakuna iliyozidi kina cha gumbuti. Nikatafuta kigae, msumari, mfupa, sikuona. Warumi gani hao, kijana, waliodondosha pesa shamba zima wasivunje hata chungu kimoja? Nikaenda nyumbani, nilikuwa na dhahabu ya meno imebaki kwenye dawati."

"Zile pesa ni za wenzako."

"Mwenzangu gani? Mimi wenzangu wote wamepata vipete, waliniambia wenyewe." Akadondosha kiazi kwenye sufuria. "Kitanda sikupi. Ila hii boti tumboni ina ukoko wa miaka kumi, na mimi nina goti. Mkwanguo uko pale."

Jumapili iliyofuata Bi Beryl aliialika klabu nzima kwa chai botini. Tulikwenda, tulikaa kwa kubanana, tukala keki ya mbegu na kusifia jiko. Nje, amezama maji hadi kiunoni, alikuwapo mtu aliyevaa suti ya kuzikia watu, anakwangua. Kila mmoja wetu alimuona alipopanda ubao. Kila mmoja alimtambua, akakumbuka karatasi yake yenye mhuri wa kiazi, na akageuka kutazama bata. Hata mimi, ambaye sasa nayajua yote, nilitazama bata.

Mwishowe Clifford alishindwa kujizuia. Aliweka kikombe chini, akapitisha macho kwenye dari, kwenye kitanda na kwenye pazia jipya la maua.

"Beryl, kwani wewe ulipata kitu kule kwa Gooderham?"

Nje mkwanguo ulisimama.

Bi Beryl alimjazia chai, akamtazama mdomoni, kisha akatutazama sote kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine.

"Vipete tu," alisema. "Nyinyi je?"

Tukasema vipete tu.